Safari ya Mpanda: Gunia Lililojaa Pumba

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mpanda kwa garimoshi huachana na Reli ya Kati pale Kaliua, akashika njia ya kusini kupitia misitu ya miombo na kuvuka Mto Ugalla. Njia hiyo ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi yaliyochimbwa Mukwamba. Machimbo yalifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki kuwa mali ya wasafiri na wakulima.

Nilisafiri mwishoni mwa Machi, mvua zikikaribia ukingoni. Kabla ya kufika Mpanda mjini, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, niliteremka Katumba. Hapa ndipo walipopokewa wakimbizi wa Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Jua lilikuwa linachomoza. Mbele yangu lilisimama shamba la alizeti, maua yote yameuelekea mashariki kama watu waliojipanga safu kumlaki mgeni.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mwenye shamba.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unayatazama maua au unawatazama nyuki?"

Nilikiri kwamba nyuki sikuwaona. Mzee akacheka, akanifundisha. Alizeti changa hulifuata jua kutwa, na usiku hurudi kuelekea mashariki. Ikishakomaa huacha kugeuka, ikabaki inatazama macheo. Hivyo ua hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hupenda ua lenye joto. Tena, kile tukiitacho ua moja ni mamia ya maua madogo, yanayofunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati kwa siku kadhaa. Kila ua dogo likipata chavua hujaza punje yake. Likikosa, hubaki ganda tupu.

Ndipo aliponisimulia msiba wake. Msimu mmoja viwavijeshi walishambulia mahindi yake yaliyopakana na alizeti. Kwa kihoro, alinyunyiza dawa saa nne asubuhi, maua yakiwa wazi. Jioni nyuki walikuwa wametapakaa chini, na mizinga ya shemeji yake iliyotundikwa msituni ikanyamaza.

"Siku ya kuvuna, gunia lilijaa hadi mdomoni," alisema, "lakini nililiinua kwa mkono mmoja. Ilikuwa pumba. Mwaka ule tulinunua mafuta ya kupikia kwa kupimiwa, sisi wenye shamba. Na shemeji yangu hakuniuliza neno. Laiti angeuliza!"

Mchuma janga hula na wa kwao.

Tangu hapo utaratibu wake umebadilika. Hupanda mvua zikishakolea, ili mbegu zikomae wakati wa kiangazi. Kila shimo hutia mbegu mbili au tatu, na baada ya wiki mbili huacha mche mmoja. Mistari huachana sentimita 75, na mche na mche sentimita 30. Palizi haicheleweshwi, kwa maana alizeti changa haiwezi kushindana na magugu. Majirani hupanda pamoja, ndege wasije wakalimaliza shamba la mtu mmoja. Dawa, ikilazimu, hutumika kabla ya maua kufunguka, au jioni nyuki wakisharudi mizingani, tena baada ya kumwarifu kila mwenye mzinga.

Mgongo wa ua ukigeuka kutoka kijani kuwa njano, kisha kahawia, huvuna. Vichwa huanikwa juani, hupigwa kwa fimbo, na mbegu hupepetwa. Zikikamuliwa, mafuta huenda jikoni na sokoni, na mashudu huwa chakula cha mifugo.

Nilipoaga, mzee alinionyesha mti wa mninga mpakani mwa shamba. Juu yake ulikuwa mzinga mpya wa gogo.

"Huu ni wa shemeji," alisema. "Nimeuchonga mwenyewe, nikamwomba aje autundike."

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Katumba nimejifunza kwamba amtunzaye nyuki hupata na mafuta, na pengine hata undugu uliokaribia kumponyoka.