Sinia la Meskel katika Nchi ya Wagurage

Msafiri atokaye Addis Ababa kwa barabara ya Jimma, akielekea kusini-magharibi, hukata mwendo wa kilomita zipatazo 155 kabla ya kufika Welkite, mji mkuu wa eneo la Wagurage. Eneo hilo limo katika mkoa wa Ethiopia ya Kati, ulioundwa mwaka 2023. Afikaye huko mwishoni mwa Septemba hukuta mvua kubwa za mwaka zinamalizika, mabonde yamejaa majani mabichi, na kando ya njia yamechanua maua ya manjano ambayo wenyeji huyaita adey abeba. Vijiji vya Wagurage vina sura yake. Nyumba ni za msonge, zimepangwa pande mbili za uwanja mrefu na mpana wa majani uitwao jefore. Uwanja huo ni njia, ni malisho, ni mahali pa mikutano, na siku za sikukuu ni mahali pa kuwashia moto.

Nyuma ya kila nyumba limesimama shamba la mimea ambayo mgeni kutoka Bukoba, Kampala au Bujumbura ataidhani kuwa migomba. Sivyo. Mmea huo ni enseti, ndugu yake mgomba, lakini hauzai ndizi za kuliwa. Kinacholiwa ni shina na tunguu lake. Mmea huachwa ukue kwa miaka kadhaa; kisha wanawake huuangusha, huparua nyama ya shina kwa mbao za mianzi, na kuifukia katika mashimo yaliyotandikwa majani ili ichachuke. Unga unaotoka humo huokwa kuwa mkate mwembamba uitwao kocho. Mamilioni ya watu wa kusini mwa Ethiopia huishi kwa chakula hiki, nacho husifiwa kwa sababu hustahimili ukame kuliko nafaka.

Lakini katika siku za Meskel, kocho huwa ni msindikizaji tu. Mwenye karamu ni sinia la nyama na jibini.

Sikukuu ya Msalaba

Meskel maana yake ni Msalaba. Huadhimishwa tarehe 17 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Ethiopia, yaani tarehe 27 Septemba, au 28 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu. Mapokeo ya Kanisa la Orthodox yasema kwamba katika karne ya nne Malkia Helena, mama yake Mfalme Konstantino, aliwasha moto akafuata moshi wake hadi mahali ulipofukiwa Msalaba wa Yesu. Ndiyo sababu mkesha wa sikukuu hii huwashwa moto mkubwa uitwao demera, mijini na vijijini. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiingiza Meskel katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Ethiopia nzima huisherehekea Meskel, lakini kwa Wagurage sikukuu hii ina uzito wa pekee. Wengi wao huishi mbali na kwao. Tangu zamani Wagurage wamejulikana mjini Addis Ababa kama wafanya biashara wakubwa kwa wadogo, kuanzia wenye maduka katika soko kuu la Merkato hadi vijana wang'arishao viatu barabarani. Meskel inapokaribia, mabasi ya kwenda Welkite na Butajira hujaa. Watoto huwasalimu wazee wao, posa hupelekwa, ugomvi wa mwaka husuluhishwa mbele ya wazee. Na shughuli zote hizo humalizikia mbele ya chakula.

Rangi tatu juu ya jani

Chakula chenyewe huitwa kitfo. Ni nyama ya ng'ombe iliyo laini, iliyoondolewa mafuta na mishipa yote, ikakatwakatwa kwa kisu hadi ikawa kama uji mzito. Huchanganywa na samli iliyotiwa viungo, kisha mitmita, ambayo ni pilipili kali iliyosagwa pamoja na chumvi na iliki ya Ethiopia iitwayo korarima. Wako waipendao mbichi kabisa. Wako waipendao ya leb leb, yaani iliyopashwa moto kidogo tu. Na wako waipendao iliyopikwa ikaiva.

Pembeni ya kitfo huwekwa ayibu, jibini nyeupe isiyokomaa, chepechepe, isiyo na chumvi nyingi. Kazi yake ni kutuliza ukali wa pilipili. Upande wa tatu huwekwa sukuma wiki iliyochemshwa, ikakatwa nyembamba, ikachanganywa na samli na ayibu. Hiyo huitwa gomen kitfo, yaani kitfo ya mboga. Mboga hii ndiyo kitangulizi cha sikukuu, kwani huliwa kabla ya nyama ya siku kuu kufika.

Vyote vitatu hupangwa juu ya jani bichi la enseti: nyekundu, nyeupe na kijani. Kocho hukatwa vipande kandokando. Walaji hunawa mikono na kulizunguka sinia moja. Mwenyeji huchukua tonge, akalitia kwa mkono wake mwenyewe kinywani mwa mgeni. Heshima hiyo huitwa gursha, na si adabu kuikataa.

Siagi ya kina mama

Mgeni aliyeketi mbele ya sinia hilo angeweza kudhani kwamba ni chakula cha matajiri. Kilo kadhaa za nyama isiyo na mafuta, samli tele, jibini: je, mkulima mwenye shamba dogo la enseti na ng'ombe mmoja au wawili huyapata wapi haya yote kwa siku moja?

Jibu ni kwamba hayapati kwa siku moja. Huyapata kwa mwaka mzima.

Siagi ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye akamuaye, yeye ndiye asukasukaye maziwa katika chungu hadi siagi ielee. Kwa kuwa siagi ya ng'ombe mmoja ni kidogo, wanawake wa kijiji hujiunga katika chama kiitwacho wujo. Kila mmoja hutoa kipimo kilichokubaliwa, na siagi hiyo huwekwa akiba kwa ajili ya Meskel. Asiye na ng'ombe wa maziwa huweza kununua kidogo kidogo sokoni wakati bei ingali chini. Sikukuu ifikapo, wakati ambapo siagi imekuwa ghali, mama huyo anayo tayari chunguni mwake.

Tusidhani kwamba jambo hili ni rahisi. Siagi iliyowekwa ni siagi isiyouzwa, na mama mwenye watoto wa shule anajua vema fedha hiyo ingeweza kununua nini. Ndiyo maana wujo hufanywa kwa shirika. Mtu peke yake, akiwa na chungu cha siagi nyumbani na shida mlangoni, ni nani asiyekifunua? Lakini akiwa na ahadi kwa wenzake, chungu hubaki kimefunikwa.

Ng'ombe wa shirika

Upande wa wanaume nako mambo ni hayo hayo. Ni wachache wawezao kununua fahali peke yao, na bei ya mifugo hupanda kila Meskel inapokaribia. Kwa hiyo majirani huchanga fedha, mara nyingi kwa njia ya ekub, ambayo ni sawa na upatu wetu, wakanunua fahali mmoja. Akishachinjwa, nyama hugawanywa mafungu sawasawa. Kila fungu hupata sehemu ya mnofu, sehemu ya mifupa, sehemu ya matumbo. Halafu kura hupigwa ili asiwepo wa kulalamika kwamba amepunjwa. Utaratibu huu huitwa kircha, na hufuatwa katika sehemu nyingi za Ethiopia, si kwa Wagurage tu.

Uzuri wa kircha ni kwamba fukara hahitaji kuomba. Yeye ni mwanachama. Fungu lake linaweza kuwa dogo kwa sababu fahali amegawanywa kwa nyumba nyingi zaidi, lakini ni fungu lake, alilipatia kura kama wengine. Mgeni akikaribishwa kwake, hula nyama ya mwenye nyumba, si ya sadaka.

Moyo huu wa kuchanga haukuishia katika chakula. Katika miaka ya 1960 Wagurage waliokuwa wakiishi mijini walichangishana fedha ili barabara zifike katika wilaya zao. Baadhi ya njia ambazo leo hupitwa na mabasi ya sikukuu zilianza kwa michango hiyo. Mtu aliyezoea kuchangia fahali hashangai akiambiwa achangie daraja.

Yafaa kuongeza kwamba Wagurage wengi ni Waislamu. Wao nao huandaa kitfo na ayibu katika sikukuu yao kubwa ya Arafa, yaani Idd el Hajj, na watoto wao walioko mjini hurudi vijijini vivyo hivyo. Kalenda ni mbali, sinia ni lile lile.

Kuandaa nyumbani kwetu

Msomaji atakaye kulipamba meza lake la sikukuu kwa sinia la namna hii anaweza kufanya hivyo kwa vitu vya sokoni kwetu. Vipimo vifuatavyo vyatosha watu wanane.

Jibini ndiyo ianze, siku moja kabla. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe kuwa mtindi, kwani moto wa kutengenezea ayibu ni mdogo mno kuua vijidudu vya maziwa mabichi. Mtindi ukishachachuka vizuri, ondoa siagi kwa kuusukasuka. Chukua lita 4 za maziwa yaliyobaki, uyaweke juu ya moto mdogo, yapate joto la nyuzi kati ya 40 na 70 bila kuchemka, wala usikoroge kwa nguvu. Mabonge meupe yatajitenga na maji. Epua, acha yapoe, yachuje katika kitambaa safi na kukining'iniza kwa saa kadhaa. Kwa kawaida lita 8 hutoa kilo 1 ya ayibu, kwa hiyo utapata nusu kilo hivi. Tia chumvi kidogo.

Samli nayo iandaliwe mapema. Yeyusha robo kilo ya siagi pamoja na kitunguu kidogo kilichokatwa, vitunguu saumu punje 3, kipande cha tangawizi, iliki iliyotwangwa na uwatu kidogo. Moto uwe wa taratibu. Povu likiisha na samli ikawa angavu, ichuje.

Sukuma wiki mafungu 4 ichemshwe, ikamuliwe maji yote, ikatwe nyembamba sana, kisha ichanganywe na vijiko vikubwa 2 vya samli na gao moja la ayibu.

Nyama iwe kilo 1 ya mnofu usio na mafuta. Ikatekate mwenyewe kwa kisu kikali, au mwombe mwuza nyama aisage mara mbili mbele yako. Na hapa hapana budi tuseme wazi: nyama mbichi huleta tegu, mnyoo mrefu unaojulikana mno Ethiopia hata watu wa zamani walikuwa wakinywa dawa ya maua ya mti wa kosso ili kuutoa. Kwa nyumba zenye watoto, wajawazito au wagonjwa, na kwa kweli kwa nyumba zote, ipike. Pasha vijiko vikubwa 6 vya samli katika sufuria pana, tia nyama, igeuze mpaka wekundu wote uishe ndani na nje, kisha nyunyiza pilipili kavu vijiko vidogo 2, iliki kijiko kidogo kimoja na chumvi. Epua mara moja ili isikauke.

Tandika jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa juu ya moto ili lisipasuke. Weka nyama katikati kama kichuguu, ayibu upande mmoja, mboga upande wa pili. Mahali pa kocho weka chapati au muhogo uliochemshwa. Liletwe sinia lingali moto, mbele ya vyakula vingine, watu wote wale pamoja.

Gharama yake, tukisema kweli, si ndogo kwa nyumba ya mshahara wa kawaida ikiwa vyote vitanunuliwa mkesha wa Krismasi au wa Idd, wakati nyama na siagi zimekwisha kupanda bei. Kila mwaka kuna nyumba zinazokopa ili zile siku moja, kisha zikalipa kwa miezi mitatu. Wanawake wa Welkite wana ng'ombe wachache na mashamba madogo, wala hawakopi. Majirani watano wakikubaliana leo, kila mmoja akatoa kijiko kimoja cha samli kila juma katika mtungi mmoja safi wenye kifuniko, na waume zao wakaweka fedha ya nyama mahali pamoja, sikukuu ijayo itawakuta tayari. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho chataka kianze kujazwa mapema, na mwenye kukishika awe mwaminifu.