Ufunguo Mfukoni

Mwaka huu ninamaliza masomo yangu katika shule hii, na kabla sijaondoka nataka kuwaeleza jambo lililonipata nilipokuwa kiranja wa michezo. Si jambo la kujivunia, lakini afadhali mlisome hapa kuliko kuliona kwa macho yenu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Machi mwaka jana. Timu yetu ilicheza fainali na jirani zetu wa ng'ambo ya bonde. Kama mjuavyo, Kigali ni mji wa vilima, na uwanja wetu umechimbwa ubavuni mwa kilima, umezungukwa na ukuta, na siku zile ulikuwa na lango moja tu la chuma. Kiingilio kilikuwa faranga 200, fedha za kununulia mipira. Nilipewa ufunguo, nikaambiwa nisimruhusu mtu yeyote kuingia bila tiketi.

Nilifanya kazi kwa bidii. Vijana wa mtaani walipoanza kupenya, nililifunga lango kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Mara tukapata penalti. Nami nikaliacha lango, nikaenda kusimama nyuma ya goli.

Bao likaingia, na kabla shangwe hazijatulia ikashuka mvua ya mawe. Watu wote wakakimbilia langoni ili wajikinge madarasani. Wa mbele wakakuta kufuli. Wa nyuma hawakulijua hilo, wakazidi kusukuma. Nilipiga kelele kwamba ufunguo ninao mimi, wala hapana aliyenisikia. Mwishowe nikapanda ukuta, nikarukia nje, nikafungua kufuli. Lakini lango halikufunguka! Lilikuwa la kufungukia ndani, na huko ndani watu walikuwa wamebanana mpaka kwenye vyuma.

Waliotuokoa ni wachezaji. Timu zote mbili zilishikana mikono, zikawarudisha watu wa nyuma hatua kwa hatua, ndipo lango likapata nafasi. Mvulana mmoja wa mwaka wa kwanza alivunjika mfupa wa bega. Nilipokwenda kumwona hospitali, aliniuliza, "Kaka, tulishinda?" Nilishindwa kumjibu.

Tangu siku hiyo nimesoma habari za viwanja vingine. Tarehe 24 Januari 2022, huko Yaoundé, watu 8 walikufa katika msongamano kwenye uwanja wa Olembe, Kamerun ilipocheza na Komoro. Lango lililopasa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu 7 walikufa Oktoba 2010 siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, watu walibanwa kwenye uzio uliowekwa kuwazuia wasiingie uwanjani; waliokufa ni 97. Hao wote walitoka nyumbani kwenda kutazama mpira tu.

Hapa kwetu, uwanja wa Amahoro ulifunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024, nao sasa huchukua watu 45,000. Jina lake maana yake ni amani, na mwaka 1994 maelfu ya watu walikimbilia humo kuokoa maisha yao. Nilipokwenda huko kutazama mpira, nilitafuta kwanza milango ya kutokea, ndipo nikaketi. Rafiki zangu walinicheka.

Shuleni mambo yamebadilika. Lango letu sasa hufungukia nje, na ukutani limetobolewa lango la pili. Ninyi mliotutangulia mtaliona mtakapokuja kwa mechi yenu na sisi. Mechi inapochezwa hakuna kufuli, na kila lango lina walinzi wawili wasiotazama mchezo.

Nawe utakayekuwa kiranja baada yangu, sikiliza. Mimi nilidhani kazi ya mlinzi wa lango ni kumzuia asiyelipa. Akipenya mmoja, shule imepoteza faranga 200, basi. Kazi yako kubwa ni wale waliokwisha ingia: wote watoke kama walivyoingia. Penalti ikipigwa, wewe tazama watu. Matokeo utaambiwa.