Zamu ya Tasnifu

Huko North Buffalo, karibu na Hertel Avenue, mwanafunzi wa uzamivu huamka saa 11 alfajiri. Majira ya baridi, Dar es Salaam wakati huo ni saa 7 mchana, na simu za nyumbani huanza kuita: karo ya mdogo wake, dawa za mama. Kwa muda mrefu alizipokea zote, tasnifu ikadumaa. Sasa huzima simu kwa saa moja, akaandika aya moja, na sentensi ya mwisho huiacha nusu ili kesho apate pa kushika. Ifikapo saa 12, humpigia mama kwanza. Ratiba haidumu kwa kumnyima mtu haki yake. Hudumu kila mwenye haki anapoijua zamu yake.