Mbwa Aliyeitwa Simba

Barabara itokayo Mpanda hupita Sitalike, hukata katikati ya Hifadhi ya Katavi, ndipo hufika Kibaoni, katika nchi ya Wapimbwe. Kisha huendelea mpaka Sumbawanga. Ni barabara ya ng'ombe. Wasukuma, ambao walihamia pande zile na makundi yao hasa tangu miaka ya 1970, huchunga pamoja na mbwa, na baadhi ya mbwa hao ni wakubwa, wenye vifua vipana.

Palikuwa na mvulana mmoja wa Kibaoni, wa darasa la sita, mwenye mbwa mwekundu ambaye kimo chake hakikupita goti la mtu. Akamwita Simba. Kila jioni ng'ombe walipopita, Simba alitoka mbio akawabwekea mbwa wakubwa usoni. Watoto wakapiga makofi, na mvulana akamtupia kipande cha ugali. Hivyo akamfundisha ujeuri, ijapokuwa hakujua ya kuwa anafundisha.

Mbwa wakubwa walivumilia siku nyingi. Mmoja aligeuza uso kando. Mwingine alisimama kimya, mkia umekakamaa. Kwa lugha ya mbwa hayo ni maneno, maana yake, "Niache." Lakini Simba alichukuliwa kwa mama yake akiwa na majuma 4 tu, hakuimaliza shule yake. Maana kilebu hujifunza adabu katika kucheza na ndugu zake: akiuma kwa nguvu, mwenziwe hulia na mchezo huisha. Afadhali akae na mama hata apate majuma 8.

Hata siku moja jibwa la mzee mmoja lilikuwa limelala kando ya njia likiguguna mfupa. Simba akaliendea. Jibwa likanguruma, manyoya ya mgongo yakasimama. Mvulana akapiga ukelele, akamnyakua Simba na kumwinua juu. Alidhani anamwokoa, kumbe kitu kidogo kinacholia na kutapatapa hewani humwamsha mbwa mkubwa tamaa ya kuwinda. Jibwa likaruka, likalishika sikio la Simba na kulipasua. Katika vurugu ile mkono wa mvulana ukatobolewa na jino.

Mzee hakutia mkono kati yao. Alimimina maji ya kibuyu chake chote juu ya kichwa cha jibwa, nalo likaachia.

"Babu, mbwa wangu!" mvulana akalia.

"Mkono wako kwanza, mjukuu wangu. Mbwa baadaye."

Wakauosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha wakaenda kwa mganga. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha. Dalili zake zikiisha kutokea, karibu hapana aponaye, bali kuosha jeraha na kuchanjwa upesi huuzuia. Mganga akauliza kama mbwa wale wamechanjwa. Mzee akatoa cheti alichopewa na bwana mifugo. Mvulana akatazama chini, kwa kuwa Simba hakuchanjwa kamwe, wala hapana aliyejua lile lilikuwa jino la mbwa yupi. Mama yake akakaa kimya muda mrefu, akiushika mkono uliofungwa. Mvulana akapigwa sindano siku ile, akaambiwa arudi kwa zilizobaki.

Alipomaliza sindano zake, naye Simba amekwisha kuchanjwa, mvulana alikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kulishtaki jibwa langu?"

"La, babu. Nataka kujua nimfanyeje Simba."

"Mbwa wako ana hofu, ndiyo sababu hupiga kelele. Usimpige. Ukimpiga, ataona ya kuwa kila mbwa mkubwa akija, maumivu huja naye."

Basi wakaanza. Jioni, mvulana alisimama na Simba mbali sana na njia, kamba imelegea, kwa maana kamba ikikazwa shingoni mbwa hushtuka zaidi. Simba akitazama mbwa wa ng'ombe bila kubweka, alipewa dagaa mmoja. Akibweka, walirudi nyuma hatua chache, basi. Baada ya majuma mengi mzee naye akalitia jibwa lake kamba, wakatembea wote upande mmoja, mbali kidogo, si uso kwa uso. Mfupa na chakula viliondolewa kwanza. Hatimaye mbwa wakaachiwa wanusane kwa nyuma, kitambo kidogo, kisha kila mmoja akaitwa na bwana wake. Kazi hiyo ilichukua tangu kupalilia mahindi mpaka kuyavuna, na mara mbili mvulana alitaka kuiacha.

Jioni moja wakati wa mavuno ng'ombe walipita, na jibwa nyuma yao bila kamba. Watoto wakakusanyika, mikono tayari kupiga makofi. Simba akainuka, sikio lake lililopasuka limesimama. Akatazama, kisha akaenda kuketi nyuma ya miguu ya mvulana. Jibwa likageuza uso kando, likapita.

"Mbona Simba habweki?" mtoto mmoja akauliza.

Mvulana akamwashiria anyamaze, akatia mkono mfukoni kutafuta dagaa.