Mathe Alifeli Mtihani wa Akili Wazi, Ama Mimi Ndio Nilifeli?

Wasee, wacha nikiri kitu.

Disemba nilipata mtihani kwa simu, ule wa kupima kama akili yako iko wazi ama imefungwa. Nikapata alama za juu. Nikamfanyisha mathe pia, namtafsiria maswali akikata sukuma jikoni. Akaanguka vibaya. Nikacheka mbele ya mabinamu, nikamwita kichwa ngumu. Hakunijibu. Siku mbili nzima nilikuwa naongeleshwa kwa "mm" tu.

Swali lililommaliza lilikuwa kama hili: mtu anafaa kubadilisha imani zake akipata ushahidi mpya? Mathe akasema hapana, hapo hapo. Sasa, neno imani nilichagua mimi. Kwa mathe, imani ni Mungu. Mimi nikisoma Kiingereza nilikuwa nawaza chakula, dawa, siasa. Tulijibu maswali mawili tofauti, tukasahihishwa na kalamu moja.

Kumbe hata wataalamu walishanaswa hapo. Keith Stanovich, mwanasaikolojia wa Kanada, alikuwa na maswali ya aina hiyo kwa kipimo chake tangu miaka ya 1990. Mwaka wa 2019, yeye na Maggie Toplak walichapisha utafiti wakijikosoa wenyewe (wangapi hufanya hivyo?): mtu wa dini akisoma swali hilo anasikia dini yake, asiye na dini anasikia maoni ya kawaida. Kwa hivyo watu wa dini walionekana wamefungwa akili kuliko walivyo. Na Marekani, dini na siasa za kihafidhina hutembea pamoja, so upande mmoja ulikuwa unapoteza alama kabla hata ya kushika kalamu. Lucian Conway na wenzake walikuwa wameonyesha 2016 kwamba ukiuliza kuhusu dini, wahafidhina ndio wagumu. Uliza kuhusu mazingira, ugumu unahamia kwa waliberali.

Halafu nikakumbuka 2022. Mathe alisikiliza wagombea wote kwa redio, akaacha yule wa kwetu ambaye ukoo mzima ulikuwa unampigia kura, na akasema hivyo wazi mbele ya wajomba. Mimi mwenye alama za juu? Tangu nipate kitambulisho sijawahi kuhama upande hata siku moja.

Jana nikarudi jikoni. "Mum, na ningekuuliza kuhusu maoni, si imani?"

"Maoni? Hayo si nabadilisha kila siku. Kwani kwa kura hukuniona?" Akanisukumia kisu na sukuma iliyobaki. "Kata nyembamba."