Tangi la Mvua na Kiangazi cha Dutwa



Padri mwenzangu aliyeko masomoni Ujerumani aliniandikia mwezi wa Oktoba uliopita jambo lililonichekesha. Jirani yake, mzee mmoja mwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, alimwomba amsaidie kuliandaa kwa ajili ya majira ya baridi. Wakaokota majani, wakapunguza maji, wakayatoa yote yaliyobaki ndani ya mabomba, wakatia dawa, kisha wakalifunika kwa turubai zito. Maji yanapoganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na bomba lililosahauliwa likiwa limejaa hupasuka.

Nilicheka kwa kuwa nasi hapa Dutwa tuna majira ya kuandaa maji, ila adui yetu si barafu. Mvua zikituaga mwezi wa Mei, hatutazamii nyingine ya maana hadi Oktoba, na mara nyingine hadi Novemba. Jua hunywa lambo lililo wazi kwa kadiri ya milimita 4 au 5 kila siku. Hesabuni wenyewe siku 150, mtaona kwamba zaidi ya nusu mita ya maji huenda zake pasipo ng'ombe hata mmoja kuyagusa. Serikali ya kikoloni ilihimiza sana uchimbaji wa malambo Usukumani, hasa katika mpango mkubwa wa maendeleo ulioanza mwaka 1947, na wazee wetu wamekuwa wakiyachimba na kuyazibua tangu hapo. Lakini lambo ni la wote: la ng'ombe, la bata, la watoto na la konokono.

Pembeni mwa kanisa letu lipo tangi la ardhini linalopokea maji ya paa. Urefu wake mita 5, upana mita 4, kina mita 2 na nusu. Kwa hiyo likijaa lina lita 50,000. Kila mwisho wa Mei tunaliandaa. Kwanza tunalitenga bomba linaloshuka kutoka kwenye mifereji ya bati, ili upepo wa kiangazi usituletee vumbi na mavi ya ndege. Tunaweka wavu mpya mahali pa kupumulia, kwa maana mbu hahitaji zaidi ya wiki mbili kugeuza maji yetu kuwa kitalu chake. Tunaziba kila upenyo wa mwanga, kwani pasipo mwanga ule utando wa kijani hauoti. Tunakagua nyufa na mizizi. Mwisho tunafunga mfuniko kwa kufuli. Maji ya kunywa huchemshwa hata hivyo. Tangi safi si sababu ya kuacha kuchemsha, na hili nimelisema mara nyingi mpaka akina mama wa jumuiya wananitania kwalo.

Ni juu ya kufuli hilo ninapotaka kusema nanyi leo.

Mwaka 2022 sikufunga kitu. Kila aliyekuja na dumu alichota, na wengine walikuja na mikokoteni. Kabla ya katikati ya Septemba tulikuwa tukikwangua tope, na mvua za mwaka ule zikachelewa. Nikanunua maji kwa fedha iliyokusudiwa paa la kigango, na nikaapa moyoni kwamba halitatokea tena.

Basi mwaka 2023 nilifunga, na ufunguo nikautia mfukoni. Mwezi wa Agosti alikuja bibi mmoja anayekaa ng'ambo ya barabara, mwenye dumu moja tu. "Mwangaluka, Padri," akanisalimu, akaomba maji. Nilimweleza kwa upole, nadhani kwa upole mno, kwamba akiba hii ni ya misheni na kiangazi bado ni kirefu. Hakubisha. Alishukuru, akaenda. Toka siku hiyo mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, ndiye aliyekuwa akishuka lamboni, akiingia mpaka magotini ili kufikia maji yasiyo na matope.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa kishindo. Katika tangi nilikuwa bado na sentimita 110, yaani lita 22,000, yaani madumu 1,100. Usiku mmoja lilifurika, na asubuhi nilisimama barazani nikiyatazama maji niliyoyalinda yakipita mlangoni kuelekea barabarani. Dominika ya 32, tarehe 12 Novemba, somo la Injili lilikuwa la wanawali kumi, wale wenye busara waliokataa kugawa mafuta yao. Nilihubiri. Sikumbuki nilihubiri nini, ila nakumbuka bibi yule alikuwa amekaa benchi la tatu.

Mwezi wa Desemba mtoto aligundulika zahanati kuwa na kichocho. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni maji ya Agosti. Watoto wengi wa ukanda huu huupata ugonjwa huo katika malambo na majaruba ya mpunga, kwa vimelea vinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi. Alipewa dawa, amepona. Hata hivyo sijaacha kuhesabu madumu yale.

Tangu mwaka 2024 tunatumia ufito. Katekista aliuchonga alama kila sentimita, na kila sentimita ni lita 200, sawa na madumu 10. Sentimita 10 za chini ni tope, hazichotwi. Zinazobaki zinatupa madumu 16 kwa siku mpaka mwisho wa Oktoba: 6 kwa nyumba ya mapadri na kanisa, 10 kwa kaya zisizo na mtu wa kwenda mbali. Ufunguo anakaa nao bibi yule. Juzi juzi alinifuata mpaka sakristia kunieleza kwamba mpishi wangu alikuwa amechota la saba, naye hakuondoka mpaka dumu lilipomiminwa tangini.

Mwaka huu ufito umetupa habari nyingine. Tumefunga tangi wiki iliyopita, na kwa siku tatu ambazo hakuna aliyechota, maji yameshuka sentimita 2. Fundi anashuku mzizi wa mwarobaini ulio upande wa sakristia. Jumamosi saa 1 asubuhi tutachimba kandokando ya ukuta kuutafuta ufa. Wanaume waje na majembe na shoka, vijana wa kwaya waje na ndoo na madumu yao yaliyooshwa, kwa sababu huenda tukalazimika kuyahamisha maji kwa muda katika nyumba zenu. Bibi ameshasema kwamba atayahesabu yanapotoka na yanaporudi.