Kutoka Kasansa: Juma la Kwanza Ugenini

Atokaye Kasansa kwenda masomoni ng'ambo huanza na basi la Mpanda, likatishalo Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike, ambako viboko hurundikana mtoni wakati wa kiangazi. Kisha hupanda garimoshi la Kaliua na Tabora. Ndege huja mwisho.

Nilifika Edinburgh, Uskochi, na sanduku moja, ndani yake khanga ya mama. Siku ya kwanza nilipata chumba. Ya pili nilinunua koti zito. Ya tatu nilijiandikisha chuoni. Hayo yalikuwa mepesi. Zito lilikuwa swali la kila aliyenisalimu: "Kwenu ni wapi?" Nilijibu, "Dar es Salaam." Nisikufiche, ilikuwa haya.

Siku ya sita nilimkumbuka Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliyesoma katika chuo hicho tangu 1949 hadi 1952. Je, yeye alikificha kijiji chake?

Kesho yake, jikoni mwa bweni, mwenzangu mmoja aliniuliza tena. Nikamchorea kwa kidole mezani: hapa Ziwa Rukwa, hapa mashamba ya mpunga, hapa Kasansa. Alisikiliza hata chakula kikaungua.

Usiku nilimpigia mama simu.

"Wamekuuliza kwenu?"

"Wameniuliza, mama."

"Ukawajibuje?"

Nikamweleza yote, hata ile haya. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi sasa ndiyo umefika, mwanangu."